Daftari la Kirikuu

Kadi ya gari haina jina langu.
Imeandikwa NYAMIZI ASALI NA NTA, S.L.P. Tabora,
kana kwamba asali inaweza kushika usukani.
"Gari si lako, mama," alisema Sizya mhasibu
akilamba kidole ili afunue karatasi.
"Ni la biashara. Wewe unaliazima."

Pesa nilitoa mimi.
Debe kwa debe, tangu mizinga yetu ya Sikonge ikiwa ya magome
na nta naichuja kwa shuka kuukuu,
mpaka Kirikuu kikaingia Isevya na namba nyeupe, za kazi.
Za njano, wanasema, ni za kwendea harusini.

Sizya akanikabidhi kauntabuku la kwaya mbili.
"Tarehe, ulikotoka, ulikofika, kilomita, sababu.
Safari ya kazi, mafuta yake tutayatoa kwenye hesabu.
Safari ya nyumbani, mafuta yake ni wewe na Mungu wako."

Nikaandika.
Jumatatu: Ipole, ndoo arobaini. Kazi.
Jumanne: stesheni, kupokea chupa tupu. Kazi.
Jumatano: kumpeleka mama Kitete, presha.
Hapo kalamu ikasimama,
maana mama, kichwa bado kinamzunguka,
alimuuzia muuguzi chupa mbili za lita,
akadai na pesa ya mfuko.
Sizya akavua miwani.
"Kwenda, nyumbani. Kurudi, kazi."
Akamgawa mama yangu katikati kwa rula.

Katika maneno yake yote nililipenda moja: uchakavu.
Kila mwaka sheria inaliruhusu gari lizeeke,
inalishusha thamani taratibu, kwa adabu,
na kodi nayo inainama kidogo.
Nikamuuliza: na mgongo wangu?
Magoti yaliyopigwa mbele ya sufuria la nta
miaka kumi na tisa, yanaingia safu ipi?
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Mgongo hauna risiti, mama."

Bima nilikata ndogo.
Lubala wa bima alinieleza mbiombio, kama anayeuza karanga dirishani mwa treni:
ndogo inamlipa uliyemgonga,
kubwa inakukumbuka na wewe.
Nikasema mimi simgongi mtu.
"Basi jaza hapa, anaendesha nani, anabeba nini."
Nikajaza: Mimi. Asali.

Masika, mdogo wangu Mlekwa akaja kuomba ufunguo.
"Hapo Inala tu, dada. Kufuata viti vya msiba."
Utamnyima nani gari la msiba?
Alitoka saa tisa, mvua ikinyesha.
Saa kumi nikapigiwa simu:
Kirikuu kimelala ubavu kwenye jaruba la mpunga,
ndama wa watu kavunjika mguu,
viti themanini vya plastiki vinaelea,
na vyura wamekalia vya mbele.

Mlekwa hana hata mkwaruzo. Namshukuru Mungu, nikamtukana.

Lubala alipiga picha, akasoma fomu yangu, akaisoma tena.
"Dereva siye. Mzigo sio."
Ndama atazungumzwa, alisema.
Kirikuu hakizungumziki.
Sizya naye, kwa upole unaouma kuliko ukali:
"Matengenezo haya siwezi kuyaweka. Msiba si biashara."

Jana usiku nilikaa na kauntabuku, taa ya chaji pembeni.
Tarehe niliijua. Kilomita, kumi na mbili na kipande.
Sababu.
Nilimkumbuka marehemu, Bi Kalunde, kibandani kwake Inala,
aliyechukua debe langu la kwanza nikiwa sina hata mzani,
akaniamini kwa kulinyanyua tu kwa mkono,
akalipa lote, na nauli ya kurudi juu.
Kazi? Nyumbani?
Nikaandika: Deni.

Leo Sizya amelizungushia neno hilo penseli.
"La kupokea," ameuliza pembeni, "au la kulipa?"
Bado sijamjibu.